Sifa na Lawama za Daktari Specioza Wandira Kazibwe

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu, Rumonge





Msichana wa mwambao huu akifaulu mtihani wake na kutaka kuendelea na masomo ya udaktari, jambo lake hupelekwa barazani. Huko hapakosi mtu wa kusema kuwa elimu nyingi humharibia mwanamke nyumba yake, na kuwa uongozi humharibia zaidi. Akidaiwa ushahidi, anaweza kumtaja Daktari Specioza Wandira Kazibwe wa Uganda, mama aliyesoma hata akawa daktari wa upasuaji, akapanda hata akawa Makamu wa Rais, kisha wizara yake ikaingia katika kashfa ya fedha na ndoa yake ikavunjika mbele ya macho ya watu wote. Naye aliyeketi upande wa pili wa mkeka anaweza kumtaja mama huyo huyo kwa sifa, kuwa ndiye aliyewafungulia njia wanawake wa Afrika nzima. Wote wawili wana haki kwa kiasi chao, na hapo ndipo ilipo taabu ya kumpima.

Bibi Kazibwe alizaliwa tarehe 1 Julai 1954 katika wilaya ya Iganga, nchi ya Busoga, upande wa mashariki wa Uganda. Ni Mkatoliki, na shule aliyosomea, Mount Saint Mary's ya Namagunga, ni shule ya masista. Lakini Iganga ni mahali penye Waislamu wengi, na miaka ya 1990 ilipofika, Jumuiya ya Waganga wa Kiislamu wa Uganda iliwafundisha maimamu wa misikiti namna ya kuwaeleza watu habari za ukimwi bila ya kuvunja adabu ya dini. Kazi ile haikuwa ya Bibi Kazibwe, wala haifai kumhesabia. Inatajwa hapa kwa sababu inaonyesha jinsi nchi ile ilivyokuwa ikihitaji waganga wa kila dini na wa kila jinsi, na jinsi mganga alivyokuwa mtu wa kusikilizwa hata nje ya hospitali.

Aliingia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1974 kusoma utabibu. Hakuwa mwanamke wa kwanza kupita mlango ule. Josephine Nambooze alikwisha kuhitimu udaktari hapo mwaka 1959, naye hutajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke miongoni mwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Ila kusoma katika siku za Nambooze na kusoma katika siku za Kazibwe ni mambo mawili mbalimbali. Mwaka 1974 Idi Amin alikuwa amekwisha kutawala miaka mitatu. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, na walimu wengi wa chuo walikuwa wamekimbia pamoja nao au baada yao. Katika hospitali ya Mulago, ambayo zamani ilikuwa fahari ya Afrika Mashariki, dawa zilikuwa zikiadimika, na mwanafunzi wa udaktari alijifunza kutibu kwa uchache wa vitu. Kazibwe alihitimu, na baadaye akaongeza shahada ya pili ya upasuaji, fani ambayo wanawake wachache mno walithubutu kuishika. Mpasuaji hana nafasi ya kusitasita. Akishafungua mwili wa mtu, hana budi kumaliza, na kila kosa lake linaonekana.

Siasa ilimjia kutoka chini. Jeshi la Yoweri Museveni lilipoingia Kampala mwezi wa Januari 1986, serikali mpya ilieneza mabaraza ya wananchi kutoka kijiji hadi wilaya, na katika kila baraza la watu tisa kiti kimoja kiliwekwa kuwa cha katibu wa mambo ya wanawake. Kwa mlango huo huo mama huyu aliingia katika uongozi mwaka 1987. Mwaka 1989 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa Viwanda. Mwaka 1991 akapewa wizara iliyoshughulikia wanawake, utamaduni na vijana. Na tarehe 18 Novemba 1994 akawa Makamu wa Rais wa Uganda. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika kushika cheo hicho katika nchi inayojitawala. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Jambo moja la kuchekesha kidogo ni kwamba cheo kile Uganda ilikaribia kukifanya mali ya madaktari. Aliyemtangulia, Samson Kisekka, alikuwa daktari. Aliyemfuata, Gilbert Bukenya, naye ni daktari. Kwa hiyo hapakuwa na ajabu kwamba mganga amekikalia kiti hicho, ila mganga huyu alikuwa mwanamke.

Ni lazima kukumbuka hali ilivyokuwa upande huu wa kusini katika mwaka huo wa 1994. Burundi ilikuwa imekwisha kumwona mwanamke katika daraja la juu kabla ya Uganda: Bibi Sylvie Kinigi aliteuliwa Waziri Mkuu mwezi wa Julai 1993, na Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi wa Oktoba mwaka huo, yeye ndiye aliyebaki ameshika usukani wa serikali katika miezi ile ya damu. Watu wa Rumonge waliokimbilia Kigoma kwa mitumbwi hawahitaji kuelezwa miezi ile ilikuwaje. Basi asidhani mtu kuwa uongozi wa mwanamke ni kitu kilicholetwa kutoka mbali. Lakini Bibi Kinigi alikaa muda mfupi sana, na katika taabu tupu. Bibi Kazibwe alikaa karibu miaka tisa, muda unaotosha kumpima mtu kwa sifa zake na kwa ila zake.

Sifa zake kwanza. Alikuwa mjumbe wa baraza lililotunga katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katiba iliyoweka mbunge mwanamke kwa kila wilaya na theluthi moja ya viti vya mabaraza ya mitaa kwa ajili ya wanawake. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Akina Miria Matembe na wengine walipigana humo kwa maneno makali kuliko yake. Hata hivyo kuwapo kwa mwanamke katika kiti cha pili cha nchi kulifanya lile lililokuwa likibishaniwa kuwa jambo la kuonekana kwa macho. Mtoto wa kike wa Busoga aliyesikia redio alisikia jina la mtu wa kwao likitajwa baada ya jina la Rais. Faida ya namna hiyo haiandikwi katika hesabu za wizara, wala haikanushiki.

Sasa lawama. Pamoja na umakamu alipewa Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na katika wizara hiyo ndimo lilimozaliwa jambo la mabwawa. Mtu wa Rumonge, ambaye ziwa limelala mlangoni pake kina cha zaidi ya mita elfu moja, huenda asione bwawa la mvua ni kitu gani. Katika Uganda uko ukanda mrefu wa wafugaji, unaokata nchi kutoka Ankole kusini magharibi hadi Karamoja kaskazini mashariki, ambako mvua ni haba na ng'ombe ndio uhai. Serikali ilikusudia kuchimba mabwawa mabondeni, ili maji ya masika yahifadhiwe na mifugo isife kiangazi wala wafugaji wasihamehame na kugombana na wakulima. Fedha zilitolewa. Lakini mabwawa mengi ama hayakuonekana kama yalivyoandikwa, ama yalichimbwa vibaya yasishike maji. Bunge likachunguza, na katika miaka ya mwisho ya 1990 jambo hilo likawa mojawapo la aibu kubwa za serikali ile. Vidole vilimwelekea waziri. Wizara ilipita mikononi mwa mtu mwingine, naye akabaki na umakamu.

Waliomtetea walisema kuwa waziri hachimbi bwawa kwa jembe lake, na kuwa waliokula walikuwa maofisa na makandarasi. Ni kweli kuwa waziri hachimbi. Lakini daktari wa upasuaji aliyekabidhiwa chumba cha kupasulia hawezi kusema kuwa mkasi uliosahauliwa tumboni ulisahauliwa na msaidizi. Alikuwa na dhamana, na dhamana yake haikutimizwa, na aliyelipa ni mfugaji ambaye ng'ombe wake walikufa kando ya shimo kavu. Hapa utetezi wa kwamba alionewa kwa kuwa ni mwanamke hauna uzito.

Ila uzito upo mahali pengine. Gilbert Bukenya, mwanamume aliyemrithi, alikamatwa na kutiwa rumande mwezi wa Oktoba 2011, kwa mashtaka ya zabuni ya magari ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007. Mashtaka hayo yakafutwa baadaye. Katika shauri lile watu walizungumza juu ya Bukenya na juu ya serikali. Hakuna aliyesimama kusema kuwa mambo yale yanaonyesha wanaume hawafai kutawala. Kwa Kazibwe maneno yalikuwa mengine. Bwawa likikauka, ni mwanamke aliyeshindwa. Mizani ya namna hiyo mfanyabiashara wa samaki hapa sokoni angeitupa ziwani siku hiyo hiyo.

Halafu likaja jambo la mwaka 2002. Mwezi wa Machi Bibi Kazibwe alisema hadharani kuwa ameachana na mumewe kwa sababu alikuwa akimpiga. Mumewe hakukana kuwa aliwahi kumpiga kofi. Habari hiyo ilizagaa duniani: Makamu wa Rais, mwenye walinzi wa silaha mlangoni, alikuwa akipigwa ndani ya mlango huo huo.

Waswahili husema mganga hajigangi. Huyu ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya wanawake; huyu ndiye aliyesimama mbele ya mikutano akihimiza heshima ya mke; naye jeraha lake alilificha. Baadhi ya watu walimcheka, wakasema asiyeweza kutawala nyumba ataweza vipi kutawala nchi. Wengine, na hasa wanawake waliokuwa wakilea majeraha ya namna ile kwa siri, walipata pumzi. Ikiwa mama yule mkubwa hupigwa, basi kupigwa si dalili ya ujinga wa mke, wala ya umaskini wake, wala ya ukaidi wake. Sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili wa nyumbani ilipitishwa mwaka 2010, miaka saba baada ya yeye kuondoka serikalini, na ni kazi ya watu wengi. Burundi nayo ilitunga sheria yake juu ya ukatili wa namna hiyo mwezi wa Septemba 2016. Lakini inawezekana kabisa kuwa katika miaka yake yote ya madaraka, tendo lililowafaa wanawake wengi kuliko yote ni lile la siku aliyovua taadhima ya cheo akasema yaliyompata nyumbani.

Yule anayesema barazani kuwa elimu ndiyo iliyovunja ndoa ile, na afikiri vizuri anasema nini. Mkono ndio uliovunja. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amesimulia kuwa Mtume, sala na amani zimshukie, hakupata kumpiga mke wala mtumishi kwa mkono wake. Mwislamu anayetaka kuitumia habari ya Kampala ili kumzuia binti yake asisome atakuwa ameichukua kwa upande usio wake. Na kama ni uganga wa mwanamke ndio unaomtia shaka, amkumbuke Rufaida wa Aslam, ambaye hema lake la kutibia majeruhi lilisimamishwa katika msikiti wa Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki alipelekwa kwake.

Kuna lawama nyingine dhidi ya Bibi Kazibwe ambayo haisemwi sana barazani, ingawa pengine ni nzito kuliko ya mabwawa. Cheo chake hakukipata kwa kura. Kilitolewa na Rais, na kilichotolewa na mtu hukaa mikononi mwa mtu huyo. Mwaka 1998 Uganda ilipotunga Sheria ya Ardhi, akina Matembe walipigania kifungu cha kumpa mke haki pamoja na mumewe juu ya shamba wanaloishi na kulilima. Kifungu kilijadiliwa bungeni, na sheria ilipotoka kwenye chapa hakikuwamo. Rais mwenyewe alikuja kusema baadaye kuwa yeye ndiye aliyekisimamisha. Wakati huo mwanamke alikuwa Makamu wa Rais katika serikali hiyo, na alibaki katika cheo chake. Wanawake walipewa viti, ardhi ikazuiliwa, na waliokwisha kuketi hawakuinuka.

Watu wa Rumonge wasilitazame jambo hili kama la jirani. Mwezi wa Julai 2000 wanawake wa Burundi walikutana Arusha, kwa msaada wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere na wa Umoja wa Mataifa, wakaandika madai yao yaingizwe katika mapatano ya amani. Miongoni mwa madai hayo yalikuwamo mawili: sehemu ya viti katika uongozi, na haki ya mwanamke kurithi ardhi. La kwanza lilipatikana, kwani katiba ya 2005 iliweka asilimia 30 ya wanawake bungeni na serikalini. La pili halikutungiwa sheria. Urithi wa ardhi uliachiwa mila, na mila humpa mtoto wa kiume. Hapa Rumonge, ambapo shamba la michikichi ndilo linalolisha nyumba, na ambapo kesi za ardhi baina ya waliokimbia mwaka 1972 na waliobaki zimejaza mabaraza miaka mingi, kila mtu anajua thamani ya kipande cha udongo. Kurani imemwekea binti fungu lake, na fungu hilo linajulikana. Kila aliyehudhuria hapa na aikumbuke michikichi ya marehemu baba yake, namna ilivyogawanywa, na ni nani anayekamua mawese yake.

Alipo mwanamke aliyekataa kubaki, naye ni haki atajwe. Bibi Alice Nzomukunda alikuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Burundi kuanzia 2005, na mwezi wa Septemba 2006 alijiuzulu, akilalamikia rushwa na uvunjaji wa haki za watu. Alikaa mwaka mmoja tu. Mtu anaweza kuuliza ni yupi aliyefaa zaidi, aliyekaa miaka tisa akavumilia mengi, au aliyekaa mwaka mmoja akasema kwa sauti. Jibu si jepesi, maana aliyetoka hakuacha mlango umebadilika sana, na aliyekaa aliacha angalau mazoea ya kuonekana mwanamke pale.

Bibi Kazibwe alijiuzulu mwezi wa Mei 2003, akisema anakwenda kusoma. Akaenda chuo kikuu cha Harvard katika Marekani, katika shule yake ya afya ya umma, na mwaka 2009 akapata shahada ya udaktari wa elimu. Hata katika hilo sifa na lawama zilikuja pamoja. Mwanamke wa zaidi ya miaka 50, aliyekwisha kuwa Makamu wa Rais, kurudi kukaa kwenye dawati kama mwanafunzi, ni jambo la kupendeza, na wanaume wachache wa cheo chake wangelikubali. Lakini gharama zilitoka katika hazina ya serikali, na manung'uniko yalisikika Kampala, kwa kuwa hospitali za wilaya zilikuwa zikikosa dawa. Aliyewahi kufikisha mgonjwa wa kipindupindu katika zahanati ya pwani hii, ugonjwa ambao umerudi Rumonge mara nyingi, akakuta chupa za maji ya mshipa zimekwisha, anaelewa manung'uniko hayo yalikotoka.

Mwaka 2013 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alimteua kuwa mjumbe wake maalumu wa mambo ya ukimwi katika Afrika. Kwa mara nyingine uganga na siasa vikakutana katika mtu mmoja, na huenda kazi hiyo ndiyo iliyomkaa vizuri kuliko zote. Mwaka 2014 aliingizwa katika Baraza la Wenye Hekima la Umoja wa Afrika. Kisha mwezi wa Julai 2016 akasimama Kigali kugombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja huo, pamoja na Bibi Pelonomi Venson-Moitoi wa Botswana na Bwana Agapito Mba Mokuy wa Guinea ya Ikweta. Hakuna hata mmoja aliyepata theluthi mbili za kura. Uchaguzi ukaahirishwa, na mwezi wa Januari 2017 kiti kikachukuliwa na Moussa Faki Mahamat wa Chad.

Kiti cha Makamu wa Rais wa Uganda kilikaliwa na wanaume kwa miaka 18 baada ya yeye kutoka. Mwaka 2021 akateuliwa mwanamke wa pili, Bibi Jessica Alupo, mtu wa jeshi na mwalimu, na mwaka huo huo Bibi Robinah Nabbanja akawa Waziri Mkuu. Safari hii magazeti hayakujaza kurasa kwa kuuliza kama mwanamke anaweza kukikalia kiti kile. Waliouliza waliuliza kama kiti chenyewe kina nguvu yoyote.